Maili za ndege: tukutane Jumamosi

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Kikwajuni na wa Chake.

Lile suala la kuchanganya maili za Emirates, yaani pointi anazopewa msafiri na shirika hilo la ndege za kupatia tiketi, tulimalize Jumamosi hii, saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, barazani kwa Bibi. Mlioko Pemba tutawapigia kwa video.

Mpango upo hivi. Mkuu wa familia anafungua akaunti moja na kuongeza watu wanane, kisha kila mtu anachagua asilimia ya maili zake itakayoingia humo, hadi 100. Ba'mdogo ndiye mkuu, maana ndiye anayekwenda Dubai kila mara na mabegi yake yale! Hata anayepanda ndege za flydubai hapa uwanjani Kisauni anachuma maili hizo hizo. Ila maili huisha muda baada ya miaka 3, na sisi kila mmoja anazo kidogo kidogo, hazimfikishi popote. Zikikusanyika, nia ni tiketi ya Bibi ya Umra.

Kabla ya Ijumaa usiku:
1. Jina kama lilivyo kwenye pasi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya uanachama wa maili. Nitumieni mimi faragha, si humu.
2. Shilingi 30,000 kila nyumba. Tiketi ya maili nayo ina kodi za kulipa taslimu.

Nafasi ni nane na sisi tuko kumi na moja, kwa hiyo wasafiri kwanza. Shangazi, usinune.

Andika "Nimo" au "Simo", na asilimia yako. Dole gumba silihesabu.