Mhariri, mradi ukizinduliwa waulizeni watajuaje kama umefanya kazi

Mhariri salamu. Naomba kanafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linanikera muda sasa. Kila siku tunasoma mradi umezinduliwa, utepe umekatwa, mgeni rasmi kahutubia, hela zimetengwa, alafu habari inaishia hapo. Kama kile kitu kilisaidia au hakikusaidia hatuji kuambiwa. Ukilalamika utajibiwa kwamba watafiti wetu wanaandika ripoti zinakaa kabatini. Mi naona kabati linaonewa, shida ni kwamba anayeamua hakuna mtu anayembana aseme amejuaje kama hicho kitu kinafanya kazi.

Na watu wanadhani nia nzuri inatosha. Haitoshi jamani. Chukua hili la watoto na dripu. Mtoto akifika hospitali ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, mafunzo yalikuwa yanasema mmiminie maji ya mshipa mengi tena haraka, na kwa akili ya kawaida inaingia kabisa. Sasa watafiti wakafanya jaribio kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa yale maji ya haraka na wengine ya taratibu tu. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake maana waliopewa maji ya haraka walikuwa wanakufa zaidi, ndani ya saa 48 walikufa kama 10 au 11 katika kila 100 wakati wale wengine ni 7. Matokeo yalitoka 2011, mwongozo wa WHO ukaja kurekebishwa 2016. (Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye jaribio lile, asije mtu akakataza mwanae kuwekewa dripu kwa sababu kasoma barua yangu.)

Hapo hakuna daktari aliyekuwa na roho mbaya. Mtoto akipona daktari anasema dripu imemsaidia, akifa anasema aliletwa amechelewa, na yote mawili yanaaminika. Tofauti ya watoto watatu au wanne kwenye mia huwezi kuiona kwa macho ukiwa wodini hata ukifanya kazi miaka ishirini, mpaka uwe na kundi la kulinganisha nalo. Ndo maana nikisikia kiongozi anasema "tumejionea wenyewe mafanikio" huwa najiuliza kajionea nini hasa.

Kwenye uhifadhi hali ni hiyo hiyo, tena pengine mbaya zaidi kwa sababu mnyama haji ofisini kulalamika. Uingereza walijenga madaraja ya popo, yaani nyaya zimevutwa juu ya barabara kuu ili popo wakivuka wapande juu wasigongwe na magari. Watafiti wakaenda kukaa pale giza likiingia na vifaa vya kunasa sauti za popo, wakahesabu nani anapita wapi, na matokeo yaliyochapishwa 2012 yanasema popo wengi walikuwa wanavuka chini kule kule usawa wa magari, nyaya ziko karibu na hawana habari nazo. Cha kushangaza barabara nyingine bado zikaja kuwekewa madaraja ya namna hiyo.

Ushahidi ukisikilizwa lakini mambo yanakwenda. Tumbusi wa India na Pakistan walianza kupukutika miaka ya 1990, watu wakahisi ni ugonjwa. 2004 ndo ikajulikana ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wanachomwa ng'ombe, ng'ombe akifa tumbusi akila mzoga figo zinaharibika anakufa. Watafiti hawakuishia kulaumu, walitafuta dawa mbadala, meloksikamu, wakaipima wakaona haiwadhuru, na 2006 India ikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Wajanja wakageukia chupa kubwa za dawa hiyo hiyo ya binadamu wakawa wanachoma ng'ombe, ikabidi 2015 serikali izizuie nazo. Na wale wanaosema ndege sio kipaumbele wajue kuna wachumi walikadiria kwamba kupotea kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu zaidi ya laki tano India kati ya 2000 na 2005, maana mizoga ilikuwa inaoza ovyo, maji yanachafuka, mbwa wanaongezeka na kichaa chao.

Sasa watu watasema kupima ni gharama, na tena ni ukatili kumpa huyu ukamnyima yule. Mexico walishalijibu hilo. 1997 walipoanza kuzipa familia maskini hela kwa masharti ya watoto kwenda shule na kliniki, bajeti isingetosha kuanza na kila mtu, kwa hiyo kati ya jamii 506 walizochagua wakachezesha bahati nasibu, 320 zikaanza na 186 zikasubiri. Foleni ingekuwepo tu kura au bila kura, ila ile ya kura inakupa jibu, na haiangalii nani ni ndugu wa nani. Matokeo yalikuwa mazuri na serikali mpya ilipoingia 2000 haikuufuta ule mpango, ikaupanua. Ni kweli serikali nyingine ikaja kuufuta 2019, takwimu hazimfungi mwanasiasa mikono, lakini angalau anayefuta anajua anafuta nini.

Sio kila kitu kipimwe hivyo, hakuna anayetaka jaribio la kujua kama nyumba ikiungua maji yanasaidia. Nazungumzia ile miradi ya mabilioni ambayo hata walioiandika hawana uhakika nayo.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni kwenu nyinyi. Mwandishi akienda kwenye uzinduzi aulize hali ya leo ikoje kwa namba, watalinganisha na nani, na matokeo watayatangaza lini hata yakiwa mabaya. Wakiitaja hiyo tarehe iandikeni gazetini, na ikifika mrudi kuwauliza, hata kama mgeni rasmi kashahamishwa wizara.

Ni mimi msomaji wenu.