Kwa Odhiambo, kuhusu apu ya wauza samaki

Nakuru

Ndugu Odhiambo,

Salamu nyingi, na uwafikishie wa nyumbani. Nimesoma mpango wako wa apu ya kuandika mauzo na kupokea malipo kwa kina mama wanaouza samaki pale Dunga, Kisumu. Naanza na lile uliloliuliza mwisho, kama uitengeneze ya iPhone pia: iPhone iache kwanza. Akaunti ya mtengeneza apu kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, Google Play ni dola 25 mara moja basi, na hao kina mama wameshika simu za Android za Tecno, Itel na Infinix. Tafuta simu kama hizo iliyotumika, yenye RAM ya GB 2, ndiyo ujaribie kila kitu. Ile simu ya kuigiza iliyo ndani ya laptopu inakopa nguvu za laptopu, kwa hiyo itakuambia mambo ni shwari hata pale yasipokuwa shwari.

Simu ya mfanyabiashara huwa imejaa video za WhatsApp. Nafasi ikiisha, apu inayofunguliwa mara moja kwa siku ndiyo hufutwa mwanzo. Lenga MB 10 za kupakua, zisizidi. Flutter, zana ya kuandika apu moja ya Android na iPhone, ni nzuri, lakini inabeba injini yake ndani ya apu na kuiongezea uzito. Kwa kazi hii ningeandika kwa Kotlin tu, lugha ya Android yenyewe. Picha za mbuta nazo zipunguze kabla hazijatoka kwenye simu: upande mrefu pikseli 1280, JPEG ya ubora wa 75. Bando ananunua yeye, si wewe. Vitufe visiwe chini ya dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini) na maandishi yawe meusi kwenye weupe, maana ni mchana wa jua kali na vidole vina maji na magamba.

Kila mauzo yaandikwe kwanza kwenye hifadhidata ya simu, yaende kwenye seva, yaani kompyuta yako ya mtandaoni, baadaye. Simu yenyewe iipe kila rekodi namba yake ya kipekee. Mtandao ukikatika katikati, simu itatuma tena, na seva ikiiona namba ileile itajua ni gorogoro moja ya omena, si mbili. WorkManager, chombo cha Android cha kufanya kazi apu ikiwa imefungwa, haikubali kazi ya kujirudia kwa muda ulio chini ya dakika 15, na simu nyingi za bei nafuu huzima apu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Kwa hiyo usiitegemee peke yake: tuma pia kila apu inapofunguliwa. Saa ya simu usiiamini kwa hesabu za siku. Seva iweke saa yake.

Sasa malipo, ambapo wengi huumia. Ukituma ombi la STK, lile la M-Pesa linalomtokea mteja kwenye simu aweke namba ya siri, kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa, utajibiwa papo hapo na ResponseCode 0. Hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Hakuna aliyelipa chochote! Mteja hajaweka hata namba ya siri. Ukiandika "Imelipwa" hapo, mama atatoa samaki bure. Hifadhi CheckoutRequestID uliyopewa, yaani namba ya kulitambua ombi hilo, uonyeshe "Inasubiri", kisha ungoje jibu la pili kwenye anwani ya seva yako. Anwani hiyo lazima iwe ya HTTPS, yaani yenye usimbaji wa usalama, inayofikika kutoka nje. Ya ndani ya laptopu yako haitapokea kitu. Katika jibu hilo la pili, ResultCode 0 ndiyo pesa imeingia. 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu yake haikufikika au hakujibu kwa wakati. Jibu lisipofika kabisa, na kuna siku halifiki, uliza hali ya malipo kwa CheckoutRequestID ileile kabla ya kumruhusu mteja ajaribu upya, la sivyo atakatwa mara mbili. Na mtu yeyote akiijua anwani yako anaweza kutuma jibu la uongo, hivyo linganisha kiasi na hiyo CheckoutRequestID na ulichohifadhi.

Mengine ni madogo ila yanasumbua. Namba ya simu iende kama 254 na tarakimu tisa; kubali anayeandika 07, 01 au +254, uigeuze mwenyewe. Kiasi kisiwe na senti. Tokeni ya Daraja, ile ruhusa ya muda ya kutuma maombi, inaisha baada ya sekunde 3600, iombe upya mapema. Funguo zote za siri za Daraja zikae kwenye seva. Apu yoyote inaweza kufunguliwa na kusomwa ndani.

Jaribio moja usilikose: nenda kwenye mipangilio ya simu, gonga namba ya toleo (Build number) mara saba, menyu ya wasanidi itafunguka. Washa ile inayofuta kila skrini unapoiacha (Don't keep activities). Kisha anza kujaza mauzo, hamia WhatsApp, urudi. Ulichojaza kikiwa kimepotea, ndivyo kitakavyopotea kwa mama wa Dunga kila akipigiwa simu.

Akaunti ya Google ifungue sasa, usingoje apu iishe. Akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa wajaribu wasiopungua 12, wakae kwenye jaribio siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuiweka wazi. Tafuta 15 au zaidi, maana kuna watakaojitoa. Mimi nihesabu mmoja. Niandikie tu ukiwa na kiungo, na uniambie kama umeamua kutumia Paybill au Till, kwa sababu thamani za TransactionType, sehemu ya ombi inayotaja aina ya malipo, hutofautiana na huko ndiko ombi la kwanza hugomea.

Wako,
Kamau