Barua ya wazi kwa Rais wa Academy: mhariri naye apande jukwaani

Kwa Rais wa Academy of Motion Picture Arts and Sciences, Marekani.

YAH: DAWA MNAYOWAPA WATAZAMAJI WA OSCAR

Mheshimiwa Rais,

Mimi ni mmoja wa wanaoamka usiku wa manane kuitazama hafla yenu ya tuzo za filamu za Oscar moja kwa moja, kwa hiyo usinihesabu pamoja na waliowakimbia.

Hofu yenu naielewa. Mwaka 1998, Titanic ilipozoa tuzo 11, Wamarekani wapatao milioni 55 walikuwa mbele ya runinga. Mwaka 2021 walibaki kama milioni 10. Anayeuza matangazo ya biashara lazima akose usingizi. Ila kila mkishtuka mnakimbilia mkasi, na unawaangukia wale ambao sura zao hazijulikani.

Mwaka 2019 mlitaka tuzo nne, zikiwemo za upigaji picha na uhariri, zitolewe wakati wa matangazo ya biashara. Wenye fani wakaja juu, mkarudi nyuma ndani ya siku chache. Mwaka 2022 mkarudia, safari hii tuzo nane: zilitolewa kabla ya kwenda hewani, kisha zikapachikwa vipande vipande katikati ya hafla. Tuzo ya uhariri nayo ikahaririwa! Na bado hafla ilidumu zaidi ya saa tatu na nusu. Mwaka uliofuata mkazirudisha zote.

Sasa, ile ya 1998 iliyovunja rekodi nayo ilidumu zaidi ya saa tatu na nusu. Urefu haukuwafukuza watazamaji, maana watu walikuwa na filamu waliyoiona na kuishangilia. Ndiyo maana nawapa haki yenu kwa uamuzi wa 2009 wa kupanua wateule wa filamu bora kutoka 5 hadi 10. Huo uligusa ugonjwa wenyewe. Ile tuzo ya filamu pendwa mliyoitangaza Agosti 2018 na kuifungia kabatini mwezi uliofuata, ibaki huko huko.

Mwaka huo huo wa 2018 mshereheshaji wenu, Jimmy Kimmel, aliahidi pikipiki ya majini kwa mshindi atakayetoa hotuba fupi kuliko wote. Ikaenda kwa mbunifu wa mavazi, Mark Bridges, ambaye mwishoni aliingia nayo jukwaani ameikalia. Nilicheka sana. Baadaye nikajaribu kukumbuka alisema nini alipopokea tuzo yake, sikupata hata neno moja. Pikipiki naikumbuka mpaka leo.

Usiku ninaousimulia zaidi ni wa 2017: La La Land imetajwa kuwa filamu bora, watu wamejaa jukwaani wanashukuru, mara Jordan Horowitz, mtayarishaji wake, anasema kuna kosa, walioshinda ni Moonlight, na anainua kadi mbele ya kamera tuisome wenyewe. Sisemi mchanganye bahasha tena. Nasema kilichotushika pale ni uso wa mtu katika dakika yenye uzito kwake, na dakika kama hizo mnazo zaidi ya ishirini kila mwaka. Mnazipa sekunde 45 kila moja, halafu muziki unamtoa mtu.

Tatizo la tuzo ya sauti ni kwamba hatujui tunachokipigia makofi. Basi tuonyesheni tukio moja likiwa bubu, kisha lirudiwe na sauti zake zote. Kwa uhariri, picha ghafi kwanza, halafu kilichofika sinema. Nusu dakika inatosha. Hapo ndipo mfungue bahasha. Mkihitaji muda, upo kwenye vichekesho vya watoa tuzo wawili wawili wanaosoma maandishi ambayo wao wenyewe hayawachekeshi.

Kuanzia 2029 mnahamia YouTube. Kule hakuna kipindi kinachosubiri zamu baada yenu, kwa hiyo kisingizio cha muda kitakuwa kimekwisha. Naomba anayepanga ratiba ya usiku ule wa kwanza aanze na tuzo ya uhariri.

Wako,
Mtazamaji wa usiku wa manane