Acheni wanafunzi waandike g waliyoipima

Mhariri,

Katika maabara nyingi za sekondari jaribio la pendulamu, yaani gololi inayopembea kwenye uzi, huanzia mwishoni. Mwanafunzi anajua tayari kwamba g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ni mita 9.8 kwa sekunde mraba, basi anakokotoa kurudi nyuma, anachafua desimali kidogo asishukiwe, kisha anachora mstari ulionyooka. Kupika data huko tunakujua, tunakucheka, na bado tunatoa alama zote.

Watu wanadai falsafa ya sayansi ipewe kipindi chake. Ya nini? Imo tayari kwenye uzi na gololi, na swali lake kuu ni: umejuaje?

Chukua uzi wa sentimeta 50. Mpembeo mmoja, kwenda na kurudi, huchukua sekunde 1.42 hivi. Kidole kikikosea sekunde 0.2 kwenye saa, hilo ni kosa la asilimia 14. Pima mipembeo 20 kwa mkupuo, sekunde 28.4, na kosa lile lile halifiki asilimia 1. Anayeamriwa "pima 20" bila kuulizwa sababu amekariri utaratibu tu.

Kila kosa huacha alama yake. Anayetamka "moja" badala ya "sifuri" anapobonyeza saa amepima mipembeo 19 na kugawa kwa 20; muda ukionekana mfupi g huonekana kubwa, hivyo g yake itapanda hadi zaidi ya 10.8. Anayeachia gololi kwenye pembe ya nyuzi 30 anarefusha muda kwa asilimia 1.7, na g inashuka. Zuri kuliko yote ni la anayepima uzi hadi juu ya gololi badala ya katikati yake: grafu ya T² (muda wa mpembeo mmoja, kipeo cha pili) dhidi ya urefu haipiti kwenye sifuri, ila mteremko unabaki ule ule na g inatoka sahihi. Grafu yenyewe imemwonyesha alipokosea. Mpishi wa data hulazimisha mstari upite sifuri, ushahidi ukapotea.

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikuta saa yake ya pendulamu ikichelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku kule Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, ingawa Paris ilikwenda sawa. Aliripoti tofauti hiyo, dalili kwamba g kule ni ndogo, na baadaye Newton akaitumia kutetea hoja kwamba dunia imetuna kwenye ikweta. Kwetu pwani g ni karibu 9.78, kwa hiyo mwanafunzi anayepata 9.81 ya vitabu vya Ulaya bila hata chembe ya tofauti anastahili kuulizwa maswali.

Kwa mazoezi ya ndani ya shule napendekeza alama 20 zigawanywe hivi: 8 kwa vipimo ghafi vilivyoandikwa kwa wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja lisifutwe, 4 kwa grafu, 8 kwa maelezo ya kwa nini jibu limetofautiana na lililotarajiwa. Jibu la 9.8 lenyewe lisipewe kitu. Na mara moja kwa muhula wapewe spiringi isiyo na lebo, kila kundi yake, wapime ugumu wake kwa kuning'iniza mawe ya mizani ya gramu 50 hadi 300. Hapo hakuna jibu la kunakili kitabuni.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga