Celica ya Nyali na goti la mamangu: ninunue au niache?

Mhariri na wasomaji wenzangu, salamu,

Nina shilingi 680,000 nilizoweka kwa miaka minne katika Sacco ya kazini, na nina gari nililolipenda. Mambo hayo mawili yameninyima usingizi tangu mwezi uliopita, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mfamasia, nina miaka 36, naishi Likoni, Mombasa, na mamangu pamoja na mwanangu wa kiume wa miaka saba. Kazi yangu iko Tudor. Kila siku navuka feri kwa miguu, napanda matatu ng'ambo ya pili, na kurudi ni vivyo hivyo. Nikiwa zamu ya jioni nafika nyumbani baada ya saa tano usiku, na kipande cha mwisho nakimalizia kwa boda. Gari nalihitaji, na nyumbani hakuna anayelipinga hilo. Ubishi ni gari gani.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 2001, milango miwili, rangi ya fedha, injini ya 1.8, gia za mkono. Liko Nyali. Anayeliuza anataka 520,000, na amenidokeza kwamba akiona pesa taslimu atashuka hadi 490,000.

Naomba msinione mtoto. Mjomba wangu alikuwa fundi pale Mwembe Tayari, na kwenye ukuta wa gereji yake palikuwa na picha ya Celica nyeupe yenye kijani na nyekundu, imejaa tope hadi madirishani. Ndiyo aina ya gari ambayo Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alishindia Safari Rally mwaka 1994. Mjomba alinisimulia mbio zile mara nyingi mno, hata nikawa nazikumbuka kana kwamba nilikuwapo. Najua hii ya 2001 si ile. Ile ilikuwa na tabo (turbo) na nguvu yake ilikwenda kwenye magurudumu yote manne. Hii haina tabo na inavutwa na ya mbele tu. Lakini nilipolijaribu Links Road, nikaingiza gia ya tatu, moyo wangu ulifunguka kwa namna ambayo gari lolote la kaka yangu halijawahi kuufungua. Nimefanya kazi miaka kumi na miwili. Nataka kitu kimoja cha kunifurahisha kila asubuhi, na sioni haya kusema hivyo.

Sikulikimbilia hili kwa upofu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya spoti ya umri huu hayashuki tena bandarini. Ukiyataka ni yale yaliyokwisha kuwa nchini, yaliyopita mikononi mwa watu watatu wanne. Toyota GT86, lililoanza kuuzwa 2012, ndilo ningelichukua kama ningeweza, ila yote niliyoyaona yalizidi mara mbili ya akiba yangu. Mazda RX-8 nililipata kwa bei ya chini kuliko Celica, na fundi wangu akanikataza hata kabla sijamaliza kueleza. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na imeundwa iwe inakula oili kidogo kila inapofanya kazi ili kulainisha vizibo vya ncha za rota. Vizibo vikichakaa, gari likishapata moto ukalizima, linakataa kuwaka tena. Na halipendi kabisa kuwashwa, kusogezwa hatua chache na kuzimwa, kwa sababu petroli hujaa ndani na plagi zikalowa. Sasa fikirieni foleni ya feri ya Likoni: unawasha, unasogea nafasi ya magari matatu, unazima. Nikaliacha siku ile ile.

Celica nilimpeleka fundi akaikague mwenyewe, nikamlipa siku yake. Alichomoa kijiti cha oili, kikatoka na oili kwenye ncha tu. Akaniambia nikanyage mafuta, niachie, nikanyage tena. Moshi wa samawati ukatoka nyuma. Injini hii, 1ZZ, zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba, ringi zinakwama. Toyota walizibadilisha pistoni hizo baadaye, lakini hili ni la kabla. Lililonipa moyo ni kwamba injini hiyo hiyo imo kwenye Wish na Premio za 1.8 za wakati ule, na hizo Mombasa hazikosekani, kwa hiyo spea zake zipo. Kufungua injini na kubadilisha pistoni na ringi, fundi amenikadiria 85,000. Taa, bampa na vioo ni habari nyingine, maana hivyo ni vya Celica peke yake. Ukivunja unaagiza na unangoja.

Chini kuna kutu. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa kazi ya chumvi. Fundi aligonga kwa bisibisi nyuma ya magurudumu ya nyuma, na mahali pawili pakamwaga unga mwekundu. Anasema haijafika pabaya, ila ikwanguliwe, ichomelewe na ipakwe rangi kabla ya masika.

Kinachonitia hofu kuliko kutu ni feri yenyewe. Mnaovuka mnajua: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakishapwa feri hukaa chini sana na mlango wake ukakutana na gati kwa pembe kali. Nimeyaona magari ya chini yakikwaruza bampa pale, na mlio wake ni kama bati linalochanwa. Na bamvua ikipwa usiku, hupwa saa nne saa tano, saa ile ile ninayorudi kutoka zamu ya jioni. Njia ya Dongo Kundu ipo, lakini kutoka Tudor utoke kisiwani hadi Miritini ndipo uzunguke kurudi Likoni, ni petroli nyingi kwa mtu wa kila siku. Nimewaza kufuata maji kama mvuvi: bamvua nizunguke, maji mafu, yasiyopwa sana, nivuke. Kuna yeyote kati yenu anayevuka kila siku na gari la chini namna hii? Mnapanda gati kwa upande, mnapandisha gari kwa springi ndefu, au mnafanyaje?

Kisha kuna jambo la hati. Logibuku haiko kwa jina la huyu anayeuza. Iko kwa jina la mtu aliyemuuzia, ambaye kwa maelezo ya muuzaji yuko Muscat, Oman, kikazi, na gari halijawahi kuhamishwa. Ananiambia nilipe, jamaa ataidhinisha "wiki hii hii". Nijuavyo mimi, kuhamisha umiliki siku hizi ni mtandaoni, na mwenye gari huanza mwenyewe kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kisha mnunuzi akakubali. Kama ni hivyo, mtu aliye Muscat mwenye simu anashindwa na nini? Nimemwambia muuzaji sitoi hata shilingi kabla sijaona gari limeanza kuhamishwa. Akanuna. Je, nimekosea, au nikae hapo hapo? Wakala wa bima naye amenieleza kwamba kwa gari la umri huu atanipa ya mtu wa tatu tu, yaani likiibwa au likiungua, hasara ni yangu.

Hayo yote nayaweza. Lisilonitoka ni la mamangu.

Ana miaka 68, ana sukari na ana magoti. Kila mwezi anakwenda kliniki kwa tuktuk, na moja ya sababu za mimi kuweka akiba ilikuwa kumtoa kwenye tuktuk. Nilimchukua Jumapili hadi Nyali akalione gari. Aliingia akicheka, akagusa dashibodi, akasema limetunzwa. Kutoka ndiko kulikokuwa kazi. Kiti kiko chini, goti lake la kulia halikunji sawasawa, ikabidi nimvute kwa mikono miwili huku mwanangu ameshikilia mlango. Buibui likakwama kwenye kiti. Watu wanatazama. Hakusema neno pale. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, "Mwanangu, nunua unachokipenda, mimi tuktuk nimeizoea." Angenigombeza ningepata la kujibu.

Kaka yangu amenitafutia Vitz ya 2012 kwa 650,000, ina logibuku safi kwa jina la muuzaji. Mamangu anaingia na kutoka bila kushikwa mkono. Nimeiendesha, sina kosa la kuitaja. Lakini nilirudi nyumbani sina hata neno moja la kumsimulia mtu.

Kwa hesabu yangu, Celica ikishatengenezwa injini na kutu, itafika 620,000 hivi, na itabaki akiba ya 60,000. Nimefikiria pia kuilipia tuktuk ya mtu mmoja tunayemwamini awe anampeleka mamangu kliniki kila mwezi, au kumwekea mto mgumu kwenye kiti cha Celica ili akae juu kidogo. Kuna anayeishi na mzazi mwenye magoti na akapata njia? Na ninyi wazazi mnaosoma, niambieni kweli: mama akisema "nimeizoea", amekubali au amekata tamaa?

Muuzaji wa Celica amenipa hadi tarehe 15. Kliniki ya mamangu ni tarehe 12, na nimekwisha kuomba ruhusa kazini ili siku hiyo nimpeleke mwenyewe.

Wenu,
Mfamasia, Likoni