Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: vipimo vya anga ya Ziwa Tanganyika vifanyiwe kazi Kigoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KUFUNGUA DAWATI LA VIPIMO VYA ANGA KWA MAWIMBI YA SETILAITI KATIKA CHUO CHA HALI YA HEWA, KIGOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Kigoma. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wavuvi wa Kibirizi na Katonga, marubani wanaotua hapa na Tabora, pamoja na wapima ardhi, na ningependa nao walisome.

Kila siku anga ya ukanda wetu, kuanzia misitu ya mashariki ya Kongo, kupitia Ziwa Tanganyika hadi miombo ya Tabora, inapimwa na setilaiti zinazopita. Hupima joto, mgandamizo na unyevu wa hewa, tabaka kwa tabaka. Vipimo vingi vya aina hii haviuzwi. Mwenye intaneti na ujuzi wa kuvisoma anavichukua bure.

Hupatikana hivi. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi zikituma mawimbi ya redio bila kupumzika. Setilaiti nyingine ndogo, iliyo chini sana, kilomita mia kadhaa tu kutoka ardhini, huyasikiliza. Kwa kuwa zote zinatembea, hufika wakati ile ya GPS ikazama nyuma ya dunia, na mawimbi yake yakalazimika kupenya hewa kwa ubavu ili yafike. Hewa huyapinda, kama kasia linavyoonekana kuvunjika likiwa nusu majini. Juu kabisa mpindo ni mdogo mno. Karibu na ardhi hufika nyuzi 1 hivi. Ndani ya dakika moja au mbili mawimbi yanakuwa yamepita tabaka zote, na badiliko dogo la masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde), likipimwa kwa msaada wa saa za atomu, linatosha kukokotoa hali ya hewa ya kila kimo. Mawingu hayazuii kitu. Usiku na mchana ni sawa, na msituni ni sawa na ziwani.

Njia hii ilianzia mbali. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilipita nyuma ya Mirihi, na mawimbi yake yakaonyesha kwamba hewa ya huko ni nyembamba sana. Kwa dunia yetu ilijaribiwa kwa setilaiti MicroLab-1 mwaka 1995. Taiwan na Marekani walirusha setilaiti 6 za COSMIC mwaka 2006, kisha 6 za COSMIC-2 Juni 2019. Hizi za pili ndizo hasa zinazotufaa sisi, maana njia yake imeinamia ikweta kwa nyuzi 24 tu, hivyo hupitapita juu ya nchi za joto na kuleta vipimo zaidi ya 4,000 kwa siku.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, unajua kuliko mimi jinsi vituo vya kurusha maputo ya hali ya hewa vilivyo vichache Afrika. Upande wa pili wa ziwa ndiko unakotoka unyevu mwingi unaotuletea mvua, na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Mvuvi aliyewasha taa zake usiku wa giza akisubiri dagaa anahitaji kujua nini kinajengeka kule kabla upepo haujamfikia. Hapo ndipo naona thamani kubwa ya vipimo hivi.

Mtu atasema: vimo tayari ndani ya modeli kubwa za Ulaya na Marekani, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa utabiri, na utabiri wake tunaupata. Ni kweli vimo. Lakini kijana wetu akipokea jibu lililokwisha kukokotolewa, atajuaje kama modeli imekosea unyevu juu ya ziwa hili? Akiwa na kipimo chenyewe mkononi, ataweza kulinganisha.

Sitii chumvi. Kipimo kimoja ni wastani wa hewa ya kilomita 200 au 300 kwa ulalo, kwa hiyo hakitaonyesha wingu moja lililosimama juu ya Ujiji. Na chini kabisa, kwenye hewa yenye unyevu mwingi kama yetu, ni vigumu kutenganisha joto na mvuke bila msaada wa modeli. Ndiyo maana nasema ni kazi ya watu waliofundishwa.

Halafu kuna ayonosfia, tabaka la juu lenye elektroni huru. GPS hutuma masafa zaidi ya moja, na elektroni huyachelewesha kwa viwango tofauti. Tofauti hiyo inatuambia ni elektroni ngapi zilizopo na kwenye kimo gani. Katika nchi za joto, baada ya jua kuzama, tabaka hilo huweza kuchafuka na mapokezi ya GPS yakayumba. Dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliwakwamisha wakulima wa Marekani wenye matrekta yanayoongozwa na GPS. Nasi tunapima viwanja na kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma kwa vifaa vya namna hiyohiyo.

Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kiko hapa, ziwa likiwa jirani. Ninachoomba ni chumba kimoja, kompyuta chache, intaneti ya uhakika na mkufunzi. Wanafunzi waanze na kumbukumbu za tangu 2006: wachague siku ambazo tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ilitolewa, wachore unyevu na joto la siku hizo juu ya ziwa, kisha wakae na viongozi wa wavuvi waulize upepo ulifika saa ngapi na kutoka upande gani. Programu za kusomea data hizi ni za bure.

Shule za hapa ziruhusiwe kutembelea dawati hilo. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nitawaleta mwenyewe, na Jumamosi zangu nazitoa kusaidia hesabu za kupinda kwa mawimbi, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Kigoma