Mama, usiifute sauti yake

Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisalimie wote hapo Ngamiani, wakubwa kwa wadogo. Huku tuko, alhamdulillahi. Baba watoto amerudi dukani tangu wiki iliyopita na kitinda mimba anakula vizuri. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi nalia, nawe unalia, salio linakwisha hatujaambiana kitu.

Kesho ni arobaini ya binti yangu, somo yako.

Uliniuliza ilikuwaje usiku ule, nikakujibu kwamba alilala tu hakuamka. Nisamehe mama, nilikudanganya. Tangu alipogunduliwa ana selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa na miezi minane na vidole vimemvimba kama maandazi, walinifundisha kliniki kumpapasa tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu, nijue bandama imekaaje. Nikawa nafanya hivyo kila jioni nikimwogesha. Yeye alidhani ni mchezo, anajikunja kwa kicheko kabla sijamgusa. Usiku ule hakucheka. Bandama ilikuwa imeshuka karibu na kitovu, na viganja vyake vilikuwa vyeupe, mama, vyeupe kabisa. Ndivyo ugonjwa huu unavyowafanyia watoto wadogo: damu inanasa kwenye bandama, mwili wote unabaki mkavu. Tulipanda boda, baba yake nyuma, mimi katikati, mtoto kifuani. Damu ya kuongezewa ilipatikana. Mfuko wa kwanza uliisha. Wa pili ulikuwa unaning'inia pale ilipoadhiniwa alfajiri, na haukuisha.

Alikuwa amebakiza miezi miwili atimize miaka 5.

Tukamzika baada ya adhuhuri. Najua una uchungu kwamba hukumwona, lakini hata ungepanda basi saa ile ile ungetukuta tumeshaanza kusoma hitima. Baba yake alikataa kusaidiwa, akambeba mikononi kutoka mlangoni. Mimi nilibaki ndani na wanawake, nikawa nasikia takbira zinazidi kwenda mbali.

Nataka nikwambie habari za Nalongo, jirani yetu. Hapa mama wa mapacha anaitwa hivyo, ni cheo, jina lake halisi sijawahi kulisikia. Ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Kiswahili hakukipenda zamani. Kwa watu wazima wengi wa hapa ni lugha waliyoisikia kwa askari, tena siku mbaya. Mimi ndiye niliyemzoesha. Basi siku ile alikuja na sufuria la matoke, akaniambia "kitalo", ndiyo pole yao, akakaa. Hakuongeza neno. Vijana wake wakawasha moto uani, wanaume wakaota hadi asubuhi. Nalongo alirudi siku ya pili, na ya tatu, na wengine walipokwisha kutawanyika aliendelea kuja, anakaa na rozari yake nami na tasbihi yangu. Siku moja akasema, kwa Kiswahili, "Pacha wangu mmoja hayupo." Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka sita. Sikujua.

Mama, nimesikia anayoyasema shangazi. Eti nisilie, machozi yanamchoma mtoto kaburini. Eti ni jicho, eti ni ukoo wa mume wangu, twende tukaangaliwe. Namheshimu shangazi, lakini naomba wewe umjibu kwa niaba yangu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Kiasi cha siku kumi baada ya maziko nilikaa kwenye msala nikashindwa kusujudu. Nilikuwa na hasira na Mungu. Astaghfirullah, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu, bila kujua hayo, akaenda kumuuliza sheikh juu ya maneno ya shangazi. Sheikh akaja mwenyewe, akanikumbusha habari za Ibrahim, mtoto wa Mtume aliyezaliwa na Bi Mariya. Hakufika miaka miwili. Mtume alimpakata akiwa anakata roho, akalia mbele za watu, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi kama yeye alilia, shangazi ananikataza kwa idhini ya nani? Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume akakataa: jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kisa hicho nilikisikia madrasa kwa ajili ya swala ya kupatwa kwa jua, basi. Safari hii nilisikia baba aliyefiwa akikataa msiba wake utungiwe hadithi.

Usiku ule nilisujudu. Nililia palepale chini mpaka msala ukalowa.

Kwa hiyo si jicho. Ni damu, na imetoka pande zote mbili, kwangu na kwa mume wangu. Sisi ni wabebaji, hatuumwi, ila kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Daktari alituambia Uganda walipopima watoto mwaka 2014 na 2015, kama 13 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Mbebaji malaria kali haimwezi kirahisi, ndiyo maana damu hii imejaa huku ziwani na hata kwetu pwani. Pengine ndiyo iliyowavusha babu zetu. Sina wa kumlaumu.

Lakini mdogo wangu nasikia anataka kumposa mtoto wa mama mdogo. Mama, wapimwe wote wawili kabla posa haijapelekwa. Akinuna, mwambie dada yako amekuomba kwa jina la somo ya mama. Kitinda mimba tulimpima: ni mbebaji tu.

Kesho nitasoma Yasini, Nalongo amesema atapika. Nawe soma hapo.

Halafu zile sauti alizokuwa anakurekodia, akikuagiza kashata, usizifute. Sina ujasiri wa kuzisikiliza, lakini ziwepo. Simu ikijaa, futa picha zangu.

Mwanao